Alikuwa Anakula Vizuri

Swali lenyewe lilikuwa jepesi mpaka linachekesha. Mtaalamu wa lishe, binti mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio, alitoka chumba cha wagonjwa mahututi, akawakuta ndugu wa Mama Pacha wamesimama mlangoni kama watu waliopoteza ufunguo, akauliza, "Kabla ya kuugua, mama alikuwa anakulaje?"

Mume wa Mama Pacha alitazama ncha za viatu vyake. Alikuwa fundi wa makochi, na mtaani kote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Sponji. Ukimpa kiti kilichobonyea atakuambia kimekaliwa na mnene au mwembamba, na kwa muda gani. Ukimuuliza vitambaa, atakutajia mpaka kile ambacho marehemu bibi yako alikitandika sebuleni. Lakini hili swali lilimwia gumu, kwa sababu ubavuni mwake alisimama shemeji yake.

Shemeji huyo alikuwa kaka mkubwa wa Mama Pacha, mwenye bucha, shingo nene, sauti ya kuita wateja walioko ng'ambo ya barabara. Jina lake walishalisahau hata waliompa. Alikuwa Bucha tu. Siku ya harusi alimshika Sponji bega, akamwambia mbele ya watu, huku anatabasamu, "Dada yangu kwetu hajawahi kulala na njaa. Ikikushinda, usione haya, mrudishe." Watu wakacheka. Sponji naye alicheka, na tangu siku ile lile bega lilikuwa halijapona.

"Alikuwa anakula vizuri," alisema.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tatu. Asubuhi, mchana na jioni." Akaona haijatosha. "Na matunda."

"Na matunda!" Bucha alimgeukia kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa tangu amfahamu.

"Amepungua mwili miezi ya karibuni?"

Hapo Bucha hakungoja mtu mwingine ajibu. "Apungue? Dada, umemwona lakini? Uso umejaa, mikono imejaa. Mimi nilipochungulia asubuhi nilisema moyoni, kumbe shemeji yangu namsema bure, mtoto wa watu ananeneshwa."

"Ule si unene," binti wa lishe alisema. "Ni maji. Maambukizi yakishasambaa kwenye damu namna ile, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa, mwili unavimba. Kwa hiyo siwezi kumkisia kwa macho, wala mizani haitanisaidia. Ndiyo maana nauliza nyinyi mnaoishi naye."

"Basi umeshajibiwa," Bucha alisema.

"Sawa. Kama alikuwa anakula vizuri, tutamwanzishia kiwango cha kawaida." Akageuka, mlango ukajifunga nyuma yake bila kelele, kama milango ya mahali ambapo hawataki ujue nani ameingia na nani ametoka.

* * *

Ukweli ni kwamba katika nyumba ya Sponji hakuna aliyejua Mama Pacha anakula saa ngapi, na huo ulikuwa ufundi wake yeye mwenyewe Mama Pacha. Pacha wake, wasichana wawili wa darasa la sita, walikuwa wanakula wakitoka shule. "Mama, wewe je?" "Mimi nitakula na baba yenu." Jioni Sponji anarudi kutoka karakana na vumbi la sponji kwenye nyusi, anakuta sahani yake imefunikwa. "Wewe je?" "Nimeshakula na watoto. Nisingeweza kuwangoja, njaa iliniuma." Sahani ilikuwa inazunguka nyumba nzima bila kumkuta mwenyewe, na kila mtu alilala na uhakika kwamba mwenzake ameshuhudia. Mpango ulikwenda bila hitilafu. Kama angeusimamia mahali pengine wangempandisha cheo.

Kazi zilikuwa zimekauka. Watu walikuwa wananunua makochi mapya yaliyoundwa kiwandani, ya kung'aa, yanayopasuka kabla ya mwaka. Wachache tu ndio waliokuwa bado wanaleta ya zamani yajazwe. Sponji akamwachisha kijana aliyekuwa anamsaidia, na Mama Pacha akaingia karakana. Yeye ndiye aliyekuwa anapindua kochi miguu juu, anang'oa kwa bisibisi zile pini zenye kutu zinazobana kitambaa kwenye mbao. Moja ikamwingia kwenye kiganja cha kulia. Aliinyonya damu, akatema, akaendelea.

Mkono ulipovimba alisema ni uchovu. Ulipoanza kutoa harufu alisema ni dawa ya mbao. Homa ilipomshika mpaka akaanza kumwita Sponji kwa jina la baba yake mzazi, ndipo jirani akasukuma mlango na kusema, "Nyinyi, huyu mtu anakufa huku mnamtazama." Hospitali walimchana kiganja, wakatoa usaha, wakasafisha, wakamfunga, wakamlaza kwenye mashine ya kupumulia. Maambukizi, walisema, yameshaingia kwenye damu na kutawanyika mwili mzima.

Na Bucha akaja. Alikuja na begi, kandambili za kubadilisha na blanketi, akafunga duka lake kwa mara ya kwanza tangu alifungue, akaketi kwenye benchi la korido kama mtu aliyepewa kibali cha kujenga.

* * *

Ndani walikuwa wanaingia wawili wawili, kwa muda mfupi, wakiwa wamevaa maaproni ya kijani yanayofungwa mgongoni. Bucha hakuweza kujifunga mwenyewe. Sponji alikuwa anamfunga, kisha naye Bucha anamfunga Sponji, na pale walionekana kama watu wanaopendana.

Siku chakula kilipoanza, waliingia pamoja. Mrija mwembamba ulipita puani mwa Mama Pacha, na maziwa mazito yalikuwa yanashuka kutoka kwenye chupa iliyoning'inia, yanapita kwenye kimashine kinachotia tone baada ya tone. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko. Uso ulikuwa wa mviringo na laini, uso wa mwanamke mwingine aliyekula maisha yake yote.

"Haya sasa," Bucha alinong'ona, na kunong'ona kwake kulimfanya nesi ageuke. "Kula, dada. Kula mpaka useme basi."

"Hawezi kusema, kaka," nesi alimwambia. "Na mpunguze sauti."

Sponji alikuwa anayafuata yale maziwa kwa macho, kutoka chupani mpaka puani. Kitu kama furaha kilimpanda kifuani, na hakuthubutu kukionyesha. Mtaalamu alisema kiwango cha kawaida. Kama yeye Sponji angesema ukweli, aliwaza, labda wangemhurumia mkewe kwa tone moja moja, kama wanavyowapa maskini. Kwa kuwa alisema mkewe ni mtu wa milo mitatu na matunda, wamempa chakula cha mtu wa milo mitatu na matunda. Kumbe uongo wake umempakulia sahani kubwa. Alitoka mle ndani anatembea wima kidogo.

"Shemeji," Bucha alimwambia benchini, akamkabidhi chupa ya maji kutoka kwenye begi lake. "Nilikuwa nakuwekea kinyongo. Lazima niseme. Unakumbuka nilivyokuwa nakuletea nyama Jumapili, ukairudisha?"

"Nakumbuka."

"Uliniambia kwako watu wanakula. Nikasema, huyu ana jeuri ya bure. Kumbe ulikuwa unasema kweli." Akampiga bega, lilelile. "Nisamehe."

Sponji alikunywa maji yote kwa mkupuo mmoja ili mdomo uwe na shughuli.

* * *

Siku iliyofuata asubuhi, mlango ule usio na kelele ulifunguliwa kwa kishindo. Nesi alipita mbio na kisanduku. Ndani mashine ilikuwa inalia mlio wa namna nyingine, si ule wa taratibu waliouzoea. Walizuiwa kuingia. Bucha alisimama, akakaa, akasimama tena. Sponji alibaki ameketi.

Mwishowe akatoka daktari, na binti wa lishe nyuma yake. Daktari alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, akawaeleza polepole kama anayewaonyesha njia wageni.

"Moyo wake umeanza kupiga ovyo. Kupumua kumekuwa kugumu hata kwa mashine. Tumepima damu, chumvi zimeporomoka, zile zinazousaidia moyo na misuli kufanya kazi. Tunamwongezea kwa mshipa. Lakini lazima tujue kwa nini zimeporomoka."

"Kwa nini?" Bucha aliuliza.

"Kuna mambo mawili. La kwanza, maambukizi yamerudi, bado kuna uchafu tuliouacha ndani ya mkono. Kama ni hilo, lazima arudi chumba cha upasuaji leo hii, tuufungue tena. Na nisiwafiche, nikikuta umeoza nitaukata. Hali aliyonayo, hata dawa ya usingizi yenyewe ni hatari kwake."

"Na la pili?"

Hapo binti wa lishe akachukua neno. "La pili ni njaa. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukimwagiwa chakula kingi ghafla, unazinyakua chumvi zote zilizobaki kwenye damu ili ukitumie hicho chakula. Moyo unaachwa mikono mitupu. Hapo chakula chenyewe ndicho kinachomuua. Dawa yake ni kupunguza, tuanze na kidogo sana, tumpe vitamini, tupande taratibu." Akamtazama Sponji. "Baba, nakuuliza tena. Uliniambia alikuwa anakula vizuri."

Korido ilikuwa na watu. Kulikuwa na bibi anayesubiri mwanawe, kulikuwa na vijana wawili wa mgonjwa wa ajali, kulikuwa na mfagiaji aliyeegemea fagio lake akijifanya anapumzika. Na kulikuwa na Bucha, aliyesogea karibu kidogo ili asikie shemeji yake akisifiwa kwa mara ya pili.

"Vizuri," Sponji alisema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Una uhakika?"

"Dada, umeshaambiwa," Bucha alidakia. "Milo mitatu! Mnataka alishwe mingapi? Daktari, huo mkono muufungue kama ni wa kufungua, msitupotezee muda kwa mambo ya sufuria."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Basi tujiandae na upasuaji. Mtaitwa mchana kutoa idhini." Wakarudi ndani wote wawili.

* * *

Kuanzia hapo Sponji alitafuta dakika moja tu ya kuwa peke yake na yule binti. Ni jambo dogo, lakini hospitali nzima ilikula njama kumnyima. Binti alitoka akaelekea maabara, Sponji akainuka.

"Unakwenda wapi?" Bucha akainuka pia.

"Kujinyoosha."

"Twende wote. Mtu mwenye mgonjwa haachwi peke yake, anaweza akafanya lolote."

Walijinyoosha pamoja mpaka mwisho wa korido, wakarudi pamoja. Sponji akasema ana kiu, shemeji amsaidie kununua maji. Bucha akafungua begi, zikatoka chupa tatu zimepangana kama wanafunzi. Akasema anakwenda chooni. "Afadhali umesema, na mimi nilikuwa nimebanwa." Wakasimama bega kwa bega wakiutazama ukuta, na hapo ndipo Sponji alipotaka kulia, mahali ambapo mwanamume hawezi kulia bila kulowana.

"Shemeji, jikaze," Bucha alimwambia huku anafunga zipu. "Akikatwa mkono, akikatwa! Si bado atakuwa hai? Kwako atakula, hata kwa kulishwa. Mtu kama wewe hashindwi."

Kama angetukanwa angevumilia. Heshima ndiyo iliyomkaba. Kila saa iliyopita Bucha alikuwa anaongeza tofali jingine kwenye ukuta wa ule uongo, na Sponji yuko ndani yake, anasaidia kuchanganya saruji.

Mchana pacha walifika kutoka shule, mabegi mgongoni, wamekimbia mpaka sare zimewaganda. Mjomba wao akawaambia kwa sauti yake ya chini, ile iliyosikika mpaka dirisha la dawa, kwamba mama yao anapelekwa kupasuliwa.

"Mkono gani?" pacha mkubwa aliuliza.

"Wa kulia."

Pacha mdogo akatazama mkono wake mwenyewe wa kulia, akaufungua, akaufumba. Hakulia. Alimtazama baba yake kama mtoto anavyomtazama mtu mzima akingoja aseme kwamba ni mzaha.

Mlango ukafunguliwa. Nesi alitokeza kichwa. "Mume wa Mama Pacha? Njoo utoe idhini."

Nyuma yake, kwa upenyo wa mlango, Sponji aliona chupa ya maziwa bado inaning'inia, bado inatona.

"Ifungeni," alisema.

"Nini?"

"Hiyo chupa, ifungeni! Mwite yule dada wa lishe. Hakuwa anakula. Mke wangu hakuwa anakula."

Korido yote ilitulia. Hata fagio lilitulia. Binti wa lishe alitoka haraka, kalamu imedondoka, hakuiokota.

"Tangu lini?"

"Karibu mwaka mzima sasa. Alikuwa anapika, anatupa sisi. Akibaki na kitu, ni chai ya rangi."

"Na alipougua?"

"Hiyo wiki nzima maji tu. Na hayo kwa kumlazimisha."

"Baba!" Binti yule hakuwa na muda wa kumtukana, lakini alilitamka neno hilo kama tusi. Akageuka na kukimbia ndani, akimwita daktari.

Pacha mkubwa alimshika baba yake mkono wa shati. "Lakini alisema anakula na wewe."

"Na mimi aliniambia anakula na nyinyi."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli yote isipokuwa kipande kimoja, na hicho Sponji alikibakiza chini ya ulimi. Watu waliosikia walimhurumia, masikini, mwanamume aliyedanganywa na mke mwenye moyo mkubwa. Bibi aliyekuwa anamngoja mwanawe alitikisa kichwa na kusema, "Wanawake sisi." Pacha wakakaa chini palepale sakafuni, wakaacha kutazamana.

Bucha hakupiga kelele. Alikaa benchini, akafunga begi lake, akalifungua, akalifunga.

"Na matunda," alisema.

* * *

Upasuaji uliahirishwa. Maziwa yalipunguzwa mpaka yakawa tone la kubahatisha, ukitazama unadhani mashine imelala. Chumvi zikaingizwa kwa mshipa, na vitamini, na damu ikapimwa kila mara mpaka Bucha akauliza kama wanaiuza. Moyo ukaanza kushika mwendo wake. Daktari alisema tungojee. Wakangoja, na kungoja huko kulikuwa na sheria mpya.

Sponji alihamishiwa benchi la upande wa pili. Hakuna aliyemwambia, alirudi kutoka kunawa uso akakuta blanketi la Bucha limetandazwa nafasi yake yote. Aliyeingia kumwona mgonjwa sasa alikuwa Bucha na mke wa Bucha. Aliyeulizwa na manesi alikuwa Bucha. "Akitoka hapa anakuja kwangu," alikuwa anawaambia watu wa kwao kwenye simu, amempa Sponji mgongo lakini sauti imemwelekea. "Na watoto. Yeye abaki na makochi yake, ayalishe."

Jioni moja mke wa Bucha alileta hotpoti ya wali na nyama. Bucha akapakua sahani moja, akaijaza mpaka ikafanya kilima, akavuka korido nayo akaiweka mapajani mwa Sponji.

"Kula."

"Shemeji, sina njaa."

"Kula. Wewe si ndiye unayejua kula?"

Wote walikuwa wanatazama. Sponji alikula. Nyama ilikuwa laini, imeiva vizuri, na tumbo lake lisilo na aibu likaipokea kwa shangwe. Alimaliza mpaka mchuzi. Bucha alisubiri amalize ndipo akachukua sahani, akaitazama ilivyo tupu, akairudisha kwenye kikapu.

* * *

Mama Pacha alitolewa mashine, akatolewa mrija, akahamishiwa wodi ya kawaida, kitanda cha dirishani. Yale maji yalikuwa yamemtoka mwilini, na kilichobaki kikaonekana. Mifupa ya mabega ilisukuma shuka kama vitu vilivyofichwa chini yake. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Mkono ulikuwepo.

Binti wa lishe alipita akawakuta wote: pacha wamekaa miguuni, Sponji amesimama kando ya kabati, Bucha amekalia kiti pekee akiwa na chungu cha supu ya mifupa, kizito, kimefunikwa kwa taulo, na bakuli la ukubwa wa karai.

"Leo ataanza kula kwa mdomo," binti alisema. "Lakini vijiko vichache. Kesho tutaongeza. Bado mwili wake ni wa mtu aliyekaa na njaa, hatuna ruhusa ya kuushtua tena."

Mama Pacha aligeuza shingo. "Nani aliyekaa na njaa?"

Wakatazamana.

"Mume wako ametuambia, dada," Bucha alisema. "Pole. Kila kitu tunajua."

"Amewaambia nini?" Alimtazama Sponji, kisha kaka yake, kisha lile bakuli, na kila aliyemjua angeweza kuona anavyopiga hesabu: nani yuko hapa, nani anasikiliza, nani ataondoka na habari gani. "Mimi nilikuwa nakula. Huyu amechanganyikiwa kwa sababu ya kuugua kwangu. Kwangu watu wanakula, kaka. Sijawahi kulala na njaa kwa mume wangu."

"Mama," pacha mkubwa alisema.

"Nyamaza wewe. Nilikuwa nakula."

Bucha alivuta pumzi ndefu. Shingo ilianza kulegea. Alitaka sana kuamini. Yeye pia alikuwa na haya yake, nyama ikiwa imening'inia dukani mwaka mzima, dada yake akiwa mitaa miwili tu kutoka pale. "Kwa hiyo muongo ni nani?" aliuliza. "Maana mmoja ananidanganya."

"Huyo amechanganyikiwa tu. Usimsumbue. Nipe supu, njaa inaniuma."

"Mimi nimeshasema," binti wa lishe alisema. "Vipimo vinanionyesha ninachokijua. Lakini nikitoka hapa, mwenye kijiko ni nyinyi."

Akasimama kwanza, akingoja. Bucha alishafunua chungu. Mvuke ulipanda. Akachota, akajaza bakuli, akachota tena.

Hapo mlango wa Sponji ulikuwa wazi kabisa. Hakutakiwa kusema kitu. Mkewe alikuwa amemrudishia kila kilichopotea: milo mitatu, heshima, benchi, hata yale matunda. Angenyamaza tu angerudi nyumbani akiwa mume. Na mkewe, kutoka kwenye mto, alimtazama kwa yale macho anayowatazama nayo pacha mbele ya wageni: kaa kimya, nimeshalimaliza hili.

"Anasema uongo," Sponji alisema.

"Baba Pacha."

"Shemeji, rudisha hiyo supu chunguni. Anasema uongo."

"Unaniita muongo mbele ya kaka yangu?" Sauti ilimkatika katikati. "Umeniona lini mimi nalala na njaa? Sema. Ulikuwepo? Uliniona?"

Kile kipande cha chini ya ulimi kilikuwa kimekaa huko siku zote hizi, na sasa kilikuwa kikubwa kuliko mdomo.

"Nilikuona," alisema. "Siku ile mvua ilinirudisha mapema. Ulikuwa umechuchumaa jikoni, unakwangua ukoko. Ulitia maji kwenye sufuria, ukatia chumvi, ukakoroga kwa kidole, ukanywa. Nilikuwa mlangoni. Nikarudi nyuma, nikaenda mpaka kona, nikakohoa, ili upate nafasi ya kuosha sufuria. Nilipoingia ukaniambia umekula na watoto. Nikasema haya. Nikakaa nikala." Akajipangusa mdomo ingawa haukuwa na kitu. "Na baada ya hapo kila siku nilikuwa nakohoa."

Bucha alirudisha supu chunguni. Ilichukua muda, nyingine ikamwagikia taulo. Hakumtazama Sponji. Pengine kama angemtazama angempiga, na wodi ilikuwa na wagonjwa.

Mama Pacha ndiye aliyemtazama. Alimtazama muda mrefu, na lile vazi lote la mke wa nyumba inayokula lilimdondoka usoni, akabaki mwanamke aliyekonda kitandani.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema. "Mimi nikikuficha ili usiaibike, na wewe unajua."

Sponji alishika kona ya kabati.

"Vijiko vichache," binti wa lishe alikumbusha, kwa upole sasa. Bucha akapakua kidogo kwenye kikombe, akanyoosha mkono ili amlishe dada yake. Dada yake akakataa. Alikichukua kikombe mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akakiegemeza kifuani, akashika kijiko. Sponji alihisi pale hapamfai, akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi? Unakwenda kukohoa?"

Akasimama.

"Rudi. Kaa hapo unitazame."

Bucha akainuka kwenye kiti. Sponji akakaa. Mama Pacha akachota, mkono ukayumba, nusu ikamwagikia shuka, nusu ikafika. Akameza kwa shida, macho hayakumtoka mumewe. Akachota tena. Naye, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuyapeleka macho yake, alitazama.